Binamu alituma picha ya bastola ya kuwindia, Shosh akaamuru ifutwe

Ilianza Jumamosi moja jioni mwezi wa Oktoba, kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, katikati ya michango ya harusi na zile jumbe za "siku njema yenye baraka" ambazo shangazi hututumia kila alfajiri. Binamu yangu anayeishi Texas, pale karibu na Dallas, alitupa picha tatu. Mbili zilikuwa za bastola nyeusi zilizolazwa kwenye kaunta ya duka. Ya tatu ilikuwa mkono wake ukiwa umeshika moja kati ya hizo, uso hauonekani, ni mkono tu na mkono wa sweta ya kijivu.

Chini yake akaandika: "Wasee, msimu wa kulungu unafunguliwa wiki tatu zijazo. Bunduki kubwa niko nayo. Sasa natafuta bastola ya akiba. Nichukue gani?"

Ndogo yangu, ambaye ana miaka 19 na tunaishi naye hapa Dandora Phase 4, alijibu kabla ya mtu yeyote kumaliza kusoma. "Hiyo ya kulia cuzo! Hiyo ni moto!" Halafu akafanya jambo ambalo hakulifikiria hata sekunde mbili. Aliichukua ile picha ya tatu, ile ya mkono, akaiweka stetasi. Hakuandika maneno. Aliweka tu emoji ya moto.

Dakika 20 baadaye simu yangu ililia. Ni beste yangu wa tangu shule ya msingi, anafanya kazi ya bodaboda kule steji. Hakunisalimia. "Buda, mwambie ndogo yako atoe hiyo kitu. Sasa hivi."

Nilipofika chumbani Shosh alikuwa ameshasikia, maana kwetu ukuta ni mabati na ukuta wa mabati hauna siri. Alikuwa amesimama mlangoni na leso yake. "Wewe, kijana. Futa. Mbele yangu nikiona." Ndogo akafuta. Watu 41 walikuwa wameshaiona.

Usiku ule nilimpigia binamu. Nilitaka kumkemea, lakini tuliishia kuongea saa nzima, kwa sababu nilikuwa na swali la kijinga ambalo sikuwahi kumuuliza mtu: mtu anayewinda mnyama kwa bunduki ndefu anahitaji bastola ya nini?

Alicheka, halafu akanieleza kama mwalimu. Kulungu wa kule, wenyewe wanamwita mwenye mkia mweupe, hapigwi kwa bastola na wawindaji wengi. Anapigwa kwa bunduki ndefu yenye darubini, mwindaji akiwa amekaa kimya juu ya mti au kwenye kibanda, umbali wa mita 100 au zaidi. Tatizo ni kinachofuata. Mara nyingine risasi haikai pale ulipotaka. Mnyama anakimbia, anajificha kichakani. Mwindaji mwenye adabu husubiri, kama nusu saa hivi, kisha anafuata matone ya damu. Akimkuta bado anahema, inabidi ammalize haraka asiteseke. Hapo uko mita tatu au nne kutoka kwake, ndani ya miiba, jioni, na bunduki yenye darubini ya kuvuta vitu vya mbali haikusaidii. Ukichungulia utaona manyoya tu.

Sababu ya pili ni nguruwe. Texas imejaa nguruwe mwitu, na dume lenye meno likitokea ukiwa umeinama unachuna, bunduki yako ikiwa imeegemezwa mtini hatua kumi kutoka hapo, utatamani ungekuwa na kitu mwilini. Bastola ya akiba ndiyo kazi yake hiyo. Ni kama lile gurudumu la pili ambalo dereva wa matatu hubeba nyuma. Anaomba asilihitaji.

Basi nikamuuliza, kwa nini asinunue yoyote tu? Bastola si ni bastola?

"Zi," akasema. Na hapa nitajaribu kurudia alichonieleza, kwa sababu wengi wetu tunachojua kuhusu bastola tumekitoa kwenye filamu, na filamu zimetudanganya sana.

Bastola aliyokuwa akiitaka ni ile inayojipakia yenyewe. Ukivuta kifyatulio, inatoka risasi moja. Nguvu ya ule mlipuko inaisukuma sehemu ya juu ya bastola nyuma, ganda tupu linaruka nje, risasi nyingine inapanda kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mpini. Ukivuta tena, moja tena. Haimwagi risasi kama mvua. Mshindani wake ni rivolva, ile ya sinema za makauboi yenye kibwete kinachozunguka, ambayo kwa kawaida hubeba risasi tano au sita. Rivolva haina mambo mengi ya kukwama. Ile inayojipakia, ukiishika kwa mkono mlegevu au ukiilisha risasi isizozipenda, inaweza kukwama katikati ya kazi, na nguruwe hatakusubiri uitengeneze.

Halafu kuna suala la nguvu. Hapa binamu alinirudisha kwenye fizikia, zile jouli tulizokuwa tukikariri ili tupite mtihani. Risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo ndiyo ya kawaida duniani, hubeba kama jouli 500. Risasi ya bunduki ya kuwindia kulungu, kwa mfano ya .308, hubeba kama 3,500. Yaani mara saba. Ndiyo maana mtu anayedhani bastola ni bunduki ndogo amekosea. Ni kifaa tofauti kabisa. Katikati ya hizo mbili kuna risasi ya milimita 10, ambayo ikiwa imejazwa baruti ya kutosha hufika karibu jouli 900. Hiyo ndiyo wawindaji wengi wa Marekani wanaopenda bastola za kujipakia huielekea.

Risasi yenyewe ina historia yake. Ilitoka miaka ya mwanzo ya 1980. Mwaka 1986 majasusi wa FBI walipambana na majambazi wawili kule Miami, wawili kati yao wakauawa, na shirika likaamua kutafuta risasi yenye nguvu zaidi. Walichukua ya milimita 10. Muda si muda maafisa wengi wakalalamika kwamba teke lake ni kali mno, na mwaka 1990 ikaletwa ndogo yake ya .40. Ile kubwa ikabaki kwa watu wa porini. Kikosi cha Sirius cha jeshi la Denmark, kinachopiga doria Greenland kwa mbwa wa kuvuta sleji, hubeba Glock 20 ya milimita 10 kwa ajili ya dubu weupe. Moja kati ya zile bastola mbili kwenye kaunta ilikuwa hiyo hiyo. Magazini yake huchukua risasi 15.

"Kwa hivyo chagua hiyo," nikamwambia. Nilishaanza kujisikia mtaalamu, mimi ambaye silaha kubwa niliyowahi kushika ni panga la kufyekea kwa babu.

Hapana, haikuwa rahisi hivyo. Ikijaa risasi ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na kilo moja ikining'inia kiunoni kutwa nzima ni mzigo. Wengine huivaa kwenye ala ya kifuani ili isigongane na mkoba. Mpini wake ni mnene, na binamu ana mikono midogo kama ya mamake. Na teke ni teke. Yule muuzaji wa duka, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, alimwambia kitu ambacho binamu alikirudia mara mbili: heri ya milimita 9 unayoipiga ikaenda pale ulipotaka, kuliko ya milimita 10 unayoiogopa. Mzee akamshauri akodishe zote mbili kwenye uwanja wa shabaha, apige risasi 50 kwa kila moja akiwa amevaa vizibo vya masikio, kisha ndipo afungue pochi.

Kwangu huo ndio ushauri uliokuwa na maana kuliko zile namba zote.

Sasa, msije mkadhani kule kila mtu anaingia dukani na kutoka na bastola kama anayenunua smokie. Sheria ya taifa inataka uwe na miaka 21 kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni, ujaze fomu, na uchunguzwe rekodi yako. Mwindaji Texas lazima awe na leseni ya kuwinda, na aliyezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971 lazima awe amepita mafunzo ya uwindaji. Kulungu haruhusiwi kupigwa kwa zile risasi ndogo za .22 za kuchezea mikebe. Na hili liwafikie wale mlio na ndugu kule: asiye na karatasi za kuishi Marekani akikutwa hata na risasi moja, hilo ni kosa la jela chini ya sheria ya taifa, kisha kurudishwa nyumbani. Hata mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Binamu ana grini kadi. Ndiyo maana alikuwa anapiga picha kwenye kaunta bila wasiwasi.

Wasiwasi ulikuwa huku kwetu.

Kwanza tuelewane: hilo swali lake, hapa Kenya halina pa kuuliziwa. Kulungu wa kule hayuko kwetu. Wanyama wa jamii yake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Swala, paa na kulungu wetu wa hapa ni wa jamii nyingine, pembe zao ni za maisha. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili ilipomfikia yule mnyama kwenye Zaburi ya 42 ilimwita ayala, jina ambalo wengi wetu hatujawahi kulitumia kwa mnyama tuliyemwona kwa macho.

Pili, hata swala huruhusiwi kumgusa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwezi Mei 1977. Kabla ya hapo nchi hii ndiyo iliyokuwa makao ya safari za uwindaji duniani. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki kilianzishwa Nairobi mwaka 1934 na kikavunjwa mwaka ule ule wa marufuku. Nao walikuwa na silaha ya akiba, tena ndiyo iliyokuwa kazi yao hasa: mgeni anapiga, akikosea, mwindaji anamaliza. Lakini haikuwa bastola. Ilikuwa bunduki nzito ya mitutu miwili, kama ya .470, inayotoa karibu jouli 7,000, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa hana muda na mguu wa kuku. Na nyuma ya mzungu mwenye bunduki alikuwa kijana wa Kikamba aliyejua kusoma nyayo, amebeba ile ya pili. Majina ya hao vijana hayako kwenye vitabu vingi.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza zaidi. Hata ukiwinda digidigi wa kupika nyumbani tu, ni kosa. Tanzania bado wanaruhusu uwindaji wa kitalii kwa vibali, lakini hata huko mgeni akija na bastola au bunduki ya kujipakia anazuiwa. Kwa hivyo binamu angeshuka Arusha na hiyo milimita 10 yake, ingeishia mlangoni.

Na kumiliki bastola Kenya si haki, ni ruhusa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uwe na hati kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, utoe sababu ya maana, na bodi ikiona hufai inakataa. Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye silaha apigwe msasa upya. Mimi sijui mtu hata mmoja kwenye ploti yetu aliyewahi kuomba hiyo hati. Bastola halali huku tunaziona kwa nadra, kiunoni mwa mfanyabiashara aliyekuja kukagua nyumba zake za kodi.

Lakini jina la bastola kila mtoto analijua. Mguu wa kuku. Mchuma. Na bonoko, ambayo ni bastola bandia. Hilo neno lilivuma zaidi ya miaka kumi iliyopita, pale chokoraa mmoja wa Ngara alipoieleza televisheni jinsi mtu alivyopigwa risasi na kisha bonoko ikawekwa kando ya mwili wake. Ma-DJ wakaifanya sauti yake kuwa wimbo. Tuliucheza kwenye mathree, tukacheka. Sikumbuki nikiwa mdogo kama kuna mtu aliyetuambia tunacheka nini.

Halafu ikaja enzi ya Facebook. Wale wa rika langu mnakumbuka akaunti zilizojiita Hessy, mmoja wa Kayole, mwingine wa Dandora, na wengine. Picha ya kijana inawekwa, inaandikwa kwamba huyu ni jambazi, ana siku chache. Baadaye inawekwa picha ya pili ya kijana yule yule, amelala chini. Mara nyingi ile picha ya kwanza ilikuwa imetolewa kwenye ukurasa wake mwenyewe. Kijana alikuwa amepiga pozi, amevaa kofia, ameshika kitu, anatafuta laiki.

Hivyo ndivyo Shosh alivyoujua ule mkono wenye sweta ya kijivu. Hakuona Texas. Hakuona kulungu. Aliona mkono mweusi bila uso, kwenye simu ya kijana wa miaka 19 wa Phase 4. Ndogo yangu pia ana sweta ya kijivu, kwa njia. Nusu ya mtaa inayo.

Nilipomweleza binamu haya yote alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani bando limeisha. Aliondoka hapa mwaka 2012, kabla mambo ya Hessy hayajaanza. Kwake Dandora bado ni ile ya kaseti za Kalamashaka na mpira wa karatasi kando ya dampo. "Lakini ni picha tu," akasema, halafu akajirekebisha mwenyewe. "Sawa. Nimekusoma."

Ndogo naye alikasirika siku mbili. Hoja yake haikuwa mbaya, tuseme ukweli. "Mbona cuzo akiishika ni mwindaji, mimi nikiweka picha yake ni mwizi? Sijafanya kosa lolote." Na ni kweli hakufanya. Niliwauliza pia wasee wa kituo cha haki cha jamii hapa mtaani, hawa wanaofuatilia kesi za vijana waliouawa, na jibu lao lilikuwa fupi: huko nje kuna watu ambao hawasubiri kujua kama umefanya kosa. Mkibishana na mtu wa hivyo, wewe ndiye utakuwa umekufa. Ndogo hakupenda hilo jibu. Mimi pia silipendi. Sioni kwa nini mtoto wa Dandora ndiye ajifunze kukunja mabega ili wengine wasimkosee. Lakini picha aliifuta, na wiki iliyofuata nilimwona akipitia zile za zamani moja moja, anafuta hata ile ya Krismasi akiwa ameshika bastola ya maji.

Binamu alienda uwanja wa shabaha. Alipiga zote mbili. Ile ya milimita 10 ilimchapa kiganja hadi akashindwa kushika usukani vizuri akirudi nyumbani, na karatasi yake ya shabaha ilikuwa na matundu kila mahali isipokuwa katikati. Akanunua ya milimita 9, na risasi ngumu zisizopasuka kirahisi zikigonga mfupa. Mzee wa ndevu akamwambia amechagua vizuri, ajue tu mipaka yake: ni ya kummalizia kulungu aliyeanguka, si ya kushindana na nguruwe.

Hakuitumia. Alimpata kulungu wake Novemba, risasi moja ya bunduki ndefu, akaanguka pale pale. Bastola ilikaa kwenye ala siku nzima bila kutolewa.

Desemba alikuwa anakuja nyumbani, mara yake ya kwanza baada ya miaka mingi. Siku moja kabla ya kusafiri alinipigia usiku wa manane wa huku. Alikuwa anapakia nguo kwenye ule mkoba wake wa mgongoni, ule anaoendea porini, na kwenye mfuko wa pembeni akakuta risasi mbili zimejificha chini ya kitambaa. Risasi mbili tu, hazina bastola. Nikamkumbusha kwamba sheria ya hapa inahesabu risasi kama inavyohesabu silaha, na kwamba pale JKIA hakuna mtu atakayetaka kusikia stori ya kulungu. Aliuacha mkoba wote Texas. Alikuja na sanduku la kuazima la zambarau, la mke wa jirani.

Nyama hakuja nayo, hairuhusiwi. Alikuja na picha zake, amezipanga kwenye simu: nyama ikikatwa, nyama ikiwa kwenye friji, nyama ikikaushwa. Bastola haimo hata kwenye moja. Shosh alivaa miwani akazipitia polepole, mbele na nyuma, kisha akamuuliza mbona mnyama mkubwa hivyo hana mafuta, na zile mbavu amempa nani.